Kwaya ya Wachuma Kahawa

Jumatatu, 7 Julai
Kahawa imeiva yote kwa mpigo. Shamba zima jekundu. Vibarua wetu wametoka Malawi, ng'ambo ya ziwa, na hakuna hata mmoja mwenye kibali. Mzee Tarsisi, mwenye shamba, anasema bila hao biashara imekufa, tufunge geti. Wanawake wa hapa Mbinga, anasema, siku hizi wanachagua kazi. Nikathubutu kuuliza: Uhamiaji wakija je? Akajibu kwa upole kwamba aliyewaandika kazi ni karani, na atakayefungwa ni karani. Karani ni mimi! 

Jumanne, 8 Julai
Nimemwendea Mama Hedwiga, kiongozi wa wanawake wa kijijini. Nikatoa shikamoo ya heshima zote, nikamsihi alete wenzake. Alicheka mpaka akashika kiuno. Debe lenu mmelitia mimba, akasema. Mmeligonga nyundo kwa ndani likatoa tumbo, linameza debe na nusu, mnalipa debe moja. Linyoosheni, mwanangu Mansuetus, kesho tunakuja. Nikamfikishia Mzee. Akauliza nani kaniroga. Wageni, anasema, hawalalamiki. Kweli. Watalalamika wapi?

Jumatano, 9 Julai
Balaa. Afisa uhamiaji anakuja kesho! Lakini nimepata akili. Watu wa ng'ambo na ndugu zetu wa Lituhi, upande wetu wa ziwa, wanasema Kinyasa kilekile, na wote Waanglikana. Basi hawa si vibarua. Ni kwaya ya Lituhi, imetutembelea, na inachuma kahawa kwa upendo tu. Nathanieli, mkubwa wao, aliuliza kama nina homa. Hata hivyo jioni walifanya mazoezi. Kumbe wanajua kuimba!

Alhamisi, 10 Julai
Afisa amefika. Mtu wa Lipingo, kulekule ziwani, mnene, mpole. Akaomba wimbo mmoja. Wakaimba sauti nne, vikapu vikiwa bado viunoni. Afisa akafumba macho. Nimepona! Kisha akafumbua. Akasema Jumapili kuna misa ya kwanza ya padri mpya kule Mapera, mpwa wa mkewe, na kwaya hii lazima iwepo. Gari atatafuta mwenyewe, kesho twende tukafanye mazoezi hukohuko. Mwalimu wao naye aje, akasema, huku ananitazama mimi. Mimi! Shuleni niliombwa niwe nafungua mdomo tu, bila sauti.

Jumapili, 13 Julai, Mapera
Nilipunga mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Kwaya haikunijali, ikaimba vizuri ajabu. Vigelegele kanisa zima. Wenzangu wakala nguruwe.  Baada ya chakula afisa akanivuta pembeni. Akasema mwalimu wa kwaya ya Lituhi ni dada yake, Restituta, na hajawahi kupunga mikono namna ile.  Alijua tangu ubeti wa kwanza, ila hakutaka kumharibia padri sherehe. Amri yake: walipwe jasho lao lote kwanza, kisha atawapeleka mwenyewe kushughulikia vibali. Nathanieli akasema angekiomba zamani hicho kibali, ila kila alipouliza tulimwambia chuma kwanza.  Mimi nimesamehewa, mara hii tu.

Jumatatu, 14 Julai
Nimerudi nikitegemea msiba. Shamba limechumwa! Kahawa ilipoanza kudondoka Mzee alishikwa na hofu, akalinyoosha debe kwa mikono yake. Mama Hedwiga akaja na nusu ya kijiji. Aliponiona, habari za Mapera zimeshamfikia, akapaza sauti: mwalimu, hebu tupungie kidogo! Wanawake wakalia kwa kicheko. Biashara haijafa. Hata kukohoa haijakohoa.

Jumatano, 16 Julai
Nimetafakari kwa utulivu na kosa nimeliona. Kosa ni kwaya. Kwaya popote itaombwa wimbo. Mwakani wageni wetu watakuwa timu ya mpira, imepiga kambi kwetu kutafuta hewa ya milimani. Timu haiombwi kitu. Mzee amefurahi mno, anasema debe litatiwa mimba tena, ameniita kijana mwenye upeo. Jezi nimeshaagiza Songea. Mimi nitakuwa kocha. Kocha anakaa benchi tu, hana haja ya kujua lolote.