Jumuiya Iliponikuta Nachimbia Ethi

Leo nimeaibika uani kwangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu kumi na mmoja na jogoo. Naandika hapa bado nina masizi puani. Kabla hamjasikia kwa wengine, sikieni kwangu.

Mnajua kaka yangu Masunga anakaa na mama yetu mashambani Kasoli, mahali ambapo simu ikishika mtandao watu wanapongezana. Mama akiumwa Jumatatu, mimi huku Bariadi napata habari Alhamisi. Nikachoka. Nikanunua simu za upepo mbili zilizotumika, zile redio za CB walizokuwa wakiongelea madereva wa malori. Moja nikampelekea Masunga, akaifunga wiki iliyopita. (Masunga hajui hata kubadilisha balbu. Alimaliza kwa siku moja. Hilo liliniuma.) Ya kwangu nimeifunga leo. Na kibali ninacho, msianze.

Asubuhi nikasimamisha mlingoti. Bomba la mita sita, antena juu yake, kamba tatu za kulishikilia. Ukasimama wima kabisa. Majirani walikuwa wakipita wanatazama juu, nami najifanya siwaoni. Ikabaki ethi tu, yaani waya unaotoka kwenye mlingoti kwenda kwenye nondo ya shaba iliyozikwa ardhini, ili radi ikipiga antena ishukie udongoni, isiingie sebuleni kunisalimia.

Fundi aliyeniuzia nondo alinielekeza vizuri. Udongo wetu huu mweusi kiangazi unakauka mpaka unapasuka, na udongo mkavu haupitishi umeme inavyotakiwa. Kwa hiyo chimba shimo, pigilia nondo, izungushie mkaa uliopondwa na chumvi ya mawe, kisha mwagia maji mengi. Kazi nyepesi.

Lakini mkaa unachafua. Nikavua shati, nikachukua kaniki ya zamani ya mke wangu, nyeusi ti, nikajifunga kiunoni. (Mnaanza kuona? Mimi sikuona.)

Mke wangu, Mama Kulwa, akaja na jogoo mweupe, akamfunga mguu kwenye mlingoti. Akasema nimchinje kabla watu wa jumuiya yetu ya kanisa hawajafika, maana sala ya leo ilikuwa kwetu, kisha akaenda sokoni kununua sukari. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, saa kumi bado mbali.

Hapa inabidi nikiri jambo. Mwenyekiti wa jumuiya ni mimi. Na wiki tatu zilizopita mwenyekiti huyu alisimama mbele ya wote akamkemea Mama Minza, mjane wa hapa mtaani, kwa kosa la kuzindika nyumba. Radi ilimuulia ng'ombe wawili msimu uliopita, naye kwa hofu akamwita mzee mmoja kutoka Shishiyu, akamzikia chupa ya dawa mlangoni. Nilihubiri karibu saa nzima. Nikasema Mkristo haogopi radi. Nikasimamia mwenyewe chupa ichimbuliwe, yeye akiwa amesimama pale anatazama chini. Watu walisema mwenyekiti yuko imara, na mimi nikakubaliana nao.

Basi, nikaanza kazi. Nondo ikagoma. Nikaipiga nyundo, nikaibembeleza: "Ingia, baba, ingia." Ikaingia. Nikamwaga mkaa. Nikajifuta jasho usoni kwa mkono uleule. Kisha chumvi. Nikawa nazunguka shimo, natupa konzi moja moja, nahesabu kwa sauti kwa Kisukuma, kwa sababu nilijifunzia kuhesabu kwenye ng'ombe wa babu na hesabu za Kiswahili hunipotea nikichoka. Jogoo naye akawika.

Kwenye konzi ya saba nikasikia kimya. Si kile kimya cha kuwa peke yako. Hiki kilikuwa kimya cha watu wengi. Nikageuka.

Jumuiya yote ilikuwa imesimama kwenye pengo la ua wa minyaa, rozari mikononi. Kumbe sala ilisogezwa, ikawa saa tisa. Aliyeisogeza, kwa ujumbe wa simu aliowatumia wote juzi kwa sababu ya kikao cha harusi, ni mwenyekiti. (Ndiyo, huyuhuyu.)

Sasa tazameni walichokiona. Mtu mzima, kifua wazi, kaniki nyeusi, masizi usoni, anazunguka shimo lenye shaba, anarusha chumvi, anahesabu kwa lugha ya mababu, na jogoo mweupe kafungwa pembeni. Nikasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Katibu wetu akaanza kuitikia, "Milele na..." akaishia hapo.

Mama Minza ndiye aliyekuwa mbele. Akaja polepole, akachungulia shimoni. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi nilizika chupa moja tu."

Ardhi imepasuka kila mahali kiangazi hiki, lakini hakuna ufa hata mmoja ulionimeza. Nikaanza kueleza, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama. Nikasema ile chumvi ni dawa ya udongo. (Dawa! Maneno yote yale, nikaokota hilo.) Katibu akauliza nani kanielekeza. Nikasema mtaalamu mmoja wa sokoni, na akina mama wawili wakafanya ishara ya msalaba. Mke wangu akarudi na sukari yake, akaniangalia, akajifunika khanga kichwani, akapita kwenda jikoni kama mtu aliyekosea nyumba.

Ikabaki njia moja. Nikamwaga ndoo mbili za maji shimoni, nikafunga waya kwenye nondo, nikaingia ndani, nikaisogeza redio dirishani na kuiwasha. Redio ikikataa, paroko anasikia kabla ya Jumapili, na uenyekiti wangu umekwisha, jina langu pia. Nikabonyeza, nikamwita Masunga. Mikwaruzo. Nikaita tena. Mikwaruzo. Mtu nje ya dirisha akakohoa.

Mara ya tatu Masunga akaitika, sauti safi utadhani yuko jikoni kwangu. Na la kwanza kuuliza, bila mimi kumwambia kitu, ni kama nimeshaweka mkaa na chumvi, na kama nimemwagia maji ya kutosha, maana yeye alisahau maji ikabidi achimbe upya. Ndugu zangu, sijawahi kumpenda mtu hivyo.

Kisha mama akamnyang'anya redio, akanisalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, ng'wanone. Mhola?"

Jumuiya nzima ikaitikia kwa pamoja kwamba ni salama tu, "Mhola duhu, mayu!" Ikabidi nibonyeze kitufe waseme upya, maana hakuwasikia. Mama akauliza ni akina nani hao wengi. Nikamwambia ni jumuiya yangu. Akawaomba waniombee, kwa sababu mara ya mwisho aliponiona nilikuwa nimekonda. Vigelegele vikapigwa mpaka jirani wa pili akatoka nje. Mke wangu akatoka jikoni, akakumbuka kwamba ananifahamu. Nikasimama pale na kaniki yangu kama mtemi. Nimeshinda! Mlingoti wangu, ethi yangu, mama yangu hewani.

Mama Minza hakupiga kigelegele. Alisubiri watulie, akaniuliza kama kile chuma ni cha radi kweli. Nikasema ndiyo, hakimalizi hatari yote, na mvua ikianza nachomoa waya wa redio, lakini kinasaidia.

"Kwa hiyo na wewe unaiogopa."

Ningeweza kuzungusha maneno. Mnanijua, ninayo mengi. Lakini mtu mwenye masizi mpaka masikioni anahubiri nini? Nikasema, "Naiogopa, mama. Tangu mdogo."

"Siku ile ungesema hivyo tu."

Nilisikia uchungu kuliko pale mwanzo. Nikamwomba radhi hapohapo, mbele ya watu walewale walioniona nikimwaibisha. Alikaa kwenye mkeka, akatoa rozari, akauliza sala inaanza saa ngapi. Nikanawa, tukasali. Jogoo alipikwa, lakini watu wote walisema wameshiba.

Wakati wa kuondoka Mama Minza akanivuta pembeni, akasema anataka na yeye kwake kiwekwe chuma cha radi, lakini nisilete hotuba. Kesho saa moja asubuhi nakwenda na fundi. Kuchimba ni juu yangu, na udongo wa kwake ni mgumu kama tofali, kwa hiyo mwenye hamu ya kunicheka anikute hukohuko, aje na sururu.