Malalamiko ya Mkwe Aliyenyang'anywa Cheo na Stroberi

Kwa Bwana Pulak Guin,
Katibu, Klabu ya Mtaa wa Wafinyanzi,
Kolkata.

Bwana Katibu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ile meza ya keram ya klabu imeshapata mguu wake wa nne.

Mimi ni Debobrata Hazra, mkwe wa Bwana Haripada Samaddar, yule karani mstaafu wa benki mwenye nyumba ya kijani karibu na bomba la mtaa. Si mkazi wa mtaa wako, naishi ng'ambo ya mto, Howrah. Nakuandikia kwa sababu ni klabu yako iliyomvika mzee shada la maua kwa "bustani bora ya juu ya paa", na tangu siku hiyo hakamatiki.

Kwa wajumbe ambao hawajapanda kule juu: kuna tangi la samaki, sato wanene wenye afya kunishinda mimi. Pampu huvuta maji yao, pamoja na yote wanayoyafanya humo majini, ikayapandisha hadi kileleni mwa minara ya plastiki. Maji huteremka yakipita kwenye matundu walimopandwa stroberi, stroberi hula ule uchafu, na maji hurudi kwa samaki yakiwa safi. Udongo hakuna, hata wa kuzibia jino. Nakiri ni kazi ya akili. Matatizo yanaanzia mezani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Samaki. Kila mwenye binti anajua kwamba siku ya Jamai Shoshthi, sikukuu ya wakwe wa kiume, mkwe ndiye mfalme, na kichwa cha samaki ni chake. Juma lililopita nilifika nimevaa dhoti mpya, nimebeba peremende na sari ya mama mkwe, nikanusa hewa mlangoni. Hakuna kilichokuwa kikikaangwa. Niliandaliwa wali, dengu, mbilingani, na tunda moja la stroberi lililokatwa vipande vyembamba kama karatasi, kwa kuwa tulikuwa wengi na joto la mwezi huu halikuruhusu jingine kuiva. Nikauliza kwa adabu zote kama hakuna chochote chenye magamba. Mzee akaweka mkono wake kando ya sahani. "Mwanangu, wale wa juu si samaki. Wale ni wafanyakazi." Nikataja soko. Akashtuka. Kuleta samaki aliyekufa ndani ya nyumba hii? Wale wa juu wakipata habari watavunjika moyo, na mkojo wao utapungua nguvu. Mama mkwe akanisogezea bakuli. "Kula mbilingani, baba, nimekukaangia kisamaki-samaki."

2. Feni. Ile feni kubwa ya sebuleni imehamishiwa juu ya paa, maana stroberi ni za nchi za baridi na hazijazoea. Mimi pia sijazoea, Bwana Katibu, na nimezaliwa hapa.

3. Hili nimelifuta kwa ushauri wa mke wangu.

4. Pepeo. Wewe mwenyewe ni mkwe wa watu, unajua. Siku hiyo mama mkwe huchovya majini pepeo la majani ya mvumo, akampepea mkwe huku akimwombea umri mrefu. Nilikuwa nimeshakaa kwenye mkeka, nimenyoosha shingo, na yeye ameshanyanyua pepeo, matone yanadondoka. Umeme ukakatika. Sauti ya mzee ikateremka kwenye ngazi, ikimwita mkewe: "Bibha! Pepeo! Upesi, zinanyauka!" Mama mkwe akanitazama, akaitazama ngazi. "Subiri kidogo tu, mwanangu," akasema, na mbio alizopanda nazo si za mtu mwenye magoti anayoyalalamikia kila mwezi.

Mke wangu Sulagna alicheka mpaka akapaliwa. "Pole, mume wangu," akasema, "leo umepitwa na tunda."

Nilipanda nikashuhudia. Mama mkwe alikuwa anaupepea mnara wa kushoto na kunong'ona: "Uishi miaka mingi, usipatwe na joto, usipatwe na mdudu." Yale yale ninayoombewa mimi, isipokuwa la mdudu. Mzee alikuwa amekaa mbele ya tangi, anayakoroga maji kwa mwiko wa wali ili wafanyakazi wapate pumzi.

5. Uzi. Uzi wa manjano wa baraka, wa kufungwa mkononi mwangu, ulitumika kushikiza shina lililoinama. Nimeuona kwa macho yangu. Umefungwa vizuri, na fundo ni zuri kuliko langu la mwaka jana.

Sasa tufikiri pamoja kama watu wazima. Siku ya wakwe, katika nyumba ya Samaddar, ni nani aliyepepewa? Stroberi. Ni nani aliyefungwa uzi? Stroberi. Ni nani aliyeombewa umri? Basi kwa mila ya wazee wetu, ambayo mimi si mtu wa kuipinga, mkwe wa nyumba ile ni stroberi.

Sawa. Lakini cheo huja na kazi zake. Stroberi na impeleke mama mkwe kwa daktari wa meno na kumshikia pochi. Stroberi na isikilize hadithi ya mzee ya meneja aliyejifungia ndani ya chumba cha hazina cha benki, na icheke mahali pale pale kila mara. Kukiwa na harusi, stroberi ibebe viti. Halafu linakuja suala la mke wangu, ambalo nisingependa kulifikisha klabuni, ila hoja zenyewe zinanisukuma: mkwe mpya akishatambuliwa, Sulagna ni mke wa nani? Nimemuuliza. Amesema hana pingamizi, kwa kuwa stroberi haikoromi.

Utani kando, Bwana Katibu. Wazazi wangu wote wawili walishatutoka. Siku za kazi nakula nimesimama. Nyumbani kwangu hakuna mtu mzima wa kuniambia, "Ongeza wali, umekonda." Kuna siku moja tu katika mwaka ambayo mtu hunipepea bila mimi kuomba, na mwaka huu nilikaa mkekani na shingo yangu nimeinyoosha, nikasubiri, mpaka wali ukapoa.

Kwa hiyo naomba klabu (a) ilichukue tena lile shada, ama iivike pampu, ndiyo inayofanya kazi. Pia (b) iunde tume itakayotamka wazi mkwe ni nani. Na (c) isimamie kustaafu kwa sato mmoja mkongwe, aagwe kwa hotuba fupi, kisha akaangwe kwa mafuta ya haradali.

Nisalimie wajumbe wote, yule mama wa chai, vijana wa keram, na samaki wenyewe, ambao sina ugomvi nao.

Ni mimi, mkwe wa akiba,
Debobrata Hazra

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado mfukoni mama mkwe aliponipigia simu. Mzee amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari amemkataza ngazi na maji, na lazima mtu alale juu ya paa ailinde pampu. "Baba yako anasema ni wewe tu," akaniambia. "Anasema wageni wote wanaopanda huchuma au huchokoa. Wewe siku ile ulisimama tu, umenuna, mikono nyuma. Njoo na nguo za kubadili. Nitakuwa nakuletea wali huko huko juu, na utakula wote."

Nakuandikia kutoka kwenye paa, ufunguo wa mlango wake nikiwa nao mfukoni. Malalamiko yote hapo juu nayafuta, hata lile la tatu nalifuta upya. Badala yake nina hili moja, la dharura: mume wa dada yake Sulagna ameingia asubuhi kutoka Durgapur, na ameuliza kama sato mmoja hawezi kukaangwa. Mhandisi mzima, ana watoto! Nimemshusha ngazi kwa upole, upole wa mara ya kwanza. Naomba klabu ituletee kibao kikubwa: WAKWE HAWARUHUSIWI KUPANDA. Chini yake, kwa herufi ndogo: isipokuwa mwenye ufunguo.