Baba Consolée Anatafuta Mtoto Yesu

Jumatano, 11 Desemba. Wamaza.

Mvua tangu asubuhi. Mpango umeiva. Mkatekista wetu, Mungu amrehemu, tulimzika Oktoba, na Padri wa paruwasi ametuma neno: atakuja Noeli, atasema nani anashika chapeli. Tuko wawili tu. Mimi, André, mtu wa kusoma na kufikiri. Na Placide, mwenye jenereta na sauti. Anaongoza kwaya. Wakianza kuimba, kuku wanaingia ndani.

Mimi nitaleta mchezo wa Noeli. Mchezo mzima, mbele ya chapeli, mchana wa mkesha, Padri amekaa kwenye kiti. Yosefu, Maria, malaika, hori, mbuzi wa kweli, na Mtoto Yesu wa kweli. Mtoto anayepumua. Nataka watu wa leo waelewe maana ya Noeli, si kula mchele tu na kulala. Padri akiona watu wanalia, Placide kwisha.

Vifaa nimeviweka katika chumba cha Consolée. Nyasi kavu mpaka dirishani, hori, mabawa. Consolée ni binti yangu wa kwanza. Hayupo. Tumbo lilipoanza kuonekana nilimpeleka Kabambare kwa dada yangu, akae huko mpaka watu wasahau. Mwalimu aliyefanya kazi hiyo amekwenda Salamabila kuchimba dhahabu, na dhahabu haimruhusu kurudi. Kosa si langu. Mtu anayetaka ukatekista hawezi kukaa na tumbo la namna ile nyumbani. Mke wangu Régina hajaongea nami tangu siku hiyo, isipokuwa kusema chakula kiko mezani.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimetafuta Yesu kutwa. Emilienne, nyuma ya chapeli, amejifungua juzi. Mvulana mnene, mweupe wa uchanga, tulivu. Nikamwendea na kipande cha sabuni. Akakataa. Akasema kitovu hakijaanguka, na mutoto ambaye kitovu chake hakijaanguka hatolewi nje, hata kwa Padri, hata kwa Papa wa Roma. Sabuni hakurudisha.

Nyumba ya pili, mtoto ana meno. Yesu wa kuzaliwa leo hawezi kuwa na meno. Nyumba ya tatu ni ya binamu yake Placide. Sikubisha hodi.

Nilipokuwa nikiondoka kwake, Emilienne alikuwa ameniuliza kwa nini nazunguka kuomba watoto wa watu wakati wa kwangu yuko njiani. Nilimjibu kwamba mvua inakuja. Ilikuwa imeshakuja, nimelowa mpaka soksi.

Jumapili, 15 Desemba

Baada ya sala nilisimama nikatoa tangazo. Tangu leo mniite Baba Serge. Serge ni mtoto wangu wa pili, anajenga nyumba za watu Kasongo, bado hajanitia aibu. Najua, kwetu mtu huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Lakini kila ninapoitwa Baba Consolée, watu wanakumbuka tumbo. Jina lenyewe linanichongea.

Placide akashika mikrofoni akasema, Asante Baba Consolée kwa tangazo. Chapeli nzima ikacheka. Nikamtazama Régina. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumanne, 17 Desemba

Hila mpya. Padri anapenda sana Wakristo na Waislamu wakae pamoja. Placide hawezi kuleta Muislamu hata mmoja. Mimi ninaye jirani, Iliasi, mwenye duka la chumvi na sabuni. Kati ya nyumba yake na yangu kuna ua wa matete tu. Nikaenda nikamweleza maana ya Noeli tangu mwanzo, polepole, neno kwa neno, nisimchoshe.

Alisikiliza akipima chumvi. Halafu akasema Mariamu anamfahamu, ana sura yake nzima katika Kurani. Akaanza kunisimulia yeye. Uchungu ulimkuta peke yake chini ya mtende, akatamani angekuwa amekufa zamani, amesahaulika. Akarudi kwao na mtoto, jamaa zake wakamsema vibaya, na kile kitoto kikafungua kinywa kumtetea mama yake. Nikaona ananipita. Nikamwambia sisi hatuna mtende. Sisi tuna nyumba ya wageni, imejaa, akazalia zizini.

Iliasi akaweka mzani chini. Akauliza, si Bethlehemu ndiyo ilikuwa kwao Yosefu? Kwa hiyo mji ulijaa ndugu zake. Hakuna hata mmoja aliyefungua mlango? Nikamwambia habari za ndugu hazikuandikwa. Akanitazama, akauchukua tena mzani. Nadhani neno limemgusa. Amesema atakuja.

Alhamisi, 19 Desemba

Siku mbaya. Alasiri, mvua kubwa, pikipiki ya Kabambare imesimama mbele ya nyumba. Consolée. Matope mpaka kiunoni, valizi mkononi, na tumbo. Tumbo kubwa sana. Dada yangu amemrudisha, eti amechoka kujibu maswali ya majirani. Na huyo ndiye ndugu wa damu.

Consolée hakulia. Alinisalimu kwa heshima, akauliza kama iko fasi, nafasi ya kulala. Nikamweleza kwa upole. Chumba kimejaa nyasi. Nyasi zikilowa, hori limekwisha. Padri anafika Jumanne. Noeli ipite kwanza, kisha tutaona. Nilisema vizuri, sikupandisha sauti.

Régina akaingia chumbani akaanza kutoa nyasi kwa mikono na kuzimwaga barazani. Mimi nikazirudisha. Akatoa tena. Nikarudisha tena. Nilipogeuka, baraza lilikuwa tupu. Iliasi alikuwa anapita kwenye mlango wa ua, valizi kichwani, na Consolée nyuma yake amejifunika gunia. Amempa chumba anachowekea karanga.

Jioni nilimsikia Consolée akikohoa upande wa pili wa matete. Kikohozi kile nakijua tangu alipougua surua. Kila Jumapili yeye ndiye aliyenipigia shati pasi ya makaa, na hakuliunguza hata siku moja. Nilihuzunika, sifichi. Nikakaa hivyo kidogo. Kisha nikakumbuka mabawa ya malaika hayajakauka.

Jumamosi, 21 Desemba

Yesu hajapatikana. Mdoli niliyeagiza Salamabila amefika bila kichwa. Dereva anasema ni barabara. Nikakaa, nikafikiri, nikapata. Muhogo. Mnene, wa shamba langu mwenyewe, nimeumenya, nimeuchora macho kwa makaa, nimeufunga ndani ya kikwembe, nguo ya Régina ya kujifunga. Ukisimama mbali kidogo, ni mtoto kabisa. Nimeutazama mpaka nikaona haya kuuacha peke yake chumbani.

Mazoezini Aurélie, anayecheza Maria, akauliza kwa nini Yosefu hakumfukuza mchumba wake alipomkuta na mimba. Swali zuri. Nikamjibu: Yosefu alikuwa mtu wa haki, hakutaka kumwaibisha, alimsikiliza malaika, akamwingiza nyumbani mwake. Mtu wa haki hatazami midomo ya watu. Nilisema vizuri mpaka mwenyewe nikashikwa na machozi. Nitayarudia maneno hayo mbele ya Padri. Aurélie alinitazama kwa namna fulani, lakini wasichana wa siku hizi ndivyo walivyo.

Siku hizi nazunguka kwa njia ya mtoni ili nisipite dukani kwa Iliasi. Kwa hiyo nyumbani hakuna chumvi. Bugali na sombe ya majani ya muhogo bila chumvi, na mke asiyesema. Njiani kila mtu ananipongeza: Pongezi Baba Consolée, mutoto amerudi. Wanafanya makusudi.

Jumanne, 24 Desemba

Sina nguvu ya kuandika, lakini niandike.

Aliyekuwa acheze mwenye nyumba ya wageni aliamka na homa. Nikachukua nafasi yake mimi. Padri amekaa mbele. Watu wengi kuliko siku ya Pasaka. Iliasi amekuja na kofia yake safi. Placide amekaa juu ya jenereta yake, amenuna. Mambo yanakwenda. Yosefu akabisha hodi, nikatoka, nikasema hakuna fasi. Ah, nilivyosema! Kwa upole, kama mtu anayeeleza. Bila kupandisha sauti. Watu wote kimya. Hata watoto. Sijapata kusikia kimya cha namna ile tangu nizaliwe. Padri aliinamisha kichwa. Nikajua tumeshinda.

Hapo hapo mke wa Iliasi akapenya katikati ya watu, akamshika Régina bega. Régina akaondoka mbio. Mwanamke ambaye hakimbii hata mvua ikinyesha. Iliasi naye akawafuata. Katikati ya mchezo wangu! Adabu zimekwenda wapi.

Kisha mbuzi. Asubuhi Placide alisema mbuzi afungwe kamba. Kwa sababu alisema yeye, sikumfunga. Malaika wanaimba, mbuzi akasogelea hori. Akala nyasi kidogo. Akavuta kikwembe. Halafu akamla Mtoto Yesu kichwa. Ilisikika mpaka nyuma, kru, kru. Aurélie akapiga yowe, akamshika Mtoto miguu, wakavutana, mbuzi akashinda. Watu walicheka mpaka wakakaa chini kwenye matope. Padri alijifunika uso kwa leso. Placide akawasha jenereta, akaimbisha kwaya, Noeli ikaokolewa na yeye. Asante ya punda ni mateke. Ya mbuzi sitaki kuiandika.

Nimerudi nyumbani. Jiko baridi. Régina hayupo. Upande wa pili wa matete, vigelegele. Nikasimama karibu na ua nikasikiliza. Kisauti kidogo, kama cha paka. Miguu ilitaka kwenda. Nikaiambia kesho kuna misa.

Jumatano, 25 Desemba

Padri amehubiri vikali. Alisema yupo mtu anayemtengenezea Yesu hori zuri huku Maria amemfungia mlango. Alisema Noeli si habari ya Bethlehemu, ni habari ya mlango wako wewe. Nikamgeukia Placide nikamkazia macho, maana mwaka jana alikataa kulaza wanakwaya wa Kasongo. Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Nadhani walitaka kuona kama nimeyaelewa, ili niwaeleze baadaye.

Mkatekista ni Placide.

Kazi yake ya kwanza, Padri akasema, ni kuwaongoza watu waende wakamsalimie mtoto. Wakatoka wote wakiimba, wakaingia uani kwa Iliasi. Iliasi akagawa karanga. Mimi sikualikwa. Ni kweli hakuna aliyealikwa, lakini mimi hasa sikualikwa.

Baadaye Padri akapita kwangu. Akanishika mkono, hakuuachia upesi. Akasema, Baba Consolée, mutoto iko pale tu, nyuma ya matete. Nikamwambia njia inateleza.

Jumamosi, 28 Desemba

Nimekwenda.

Nyumba yenye mtu mmoja ni mbaya. Unaongea, hakuna wa kukukasirikia. Nikavaa shati, halikupigwa pasi, nikapita mlango wa ua. Régina alikuwa anafua nepi, hakuinua kichwa. Consolée akatoka chumba cha karanga, amekonda, akanisalimu. Kabla sijasema kitu akaniwekea mtoto mikononi.

Mdogo. Ana joto. Paji la uso ni la mama yangu marehemu, hakuna ubishi. Akafungua jicho moja, akanitazama, akapiga miayo. Nililia. Consolée aliona, akatabasamu, akanisogezea kigoda nikae. Nimeishi na binti huyo miaka yote na nilikuwa nimesahau tabasamu lake. Régina akaacha kufua. Iliasi dukani akaacha kupima chumvi. Wote walikuwa wananingoja niseme neno.

Nikalisema. Nikasema Epifania haiko mbali, siku ya Mamajusi. Hori lipo, mabawa yapo. Tukirudia mchezo, Padri akasikia, Placide hatadumu. Kitovu kitakuwa kimeanguka. Na huyu, mbuzi hawezi kumla. Namwazima asubuhi moja tu.

Consolée akanitazama. Akasema polepole, Baba, ni musichana.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, akifungwa vizuri ndani ya kikwembe hakuna atakayejua.

Akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, taratibu, akaingia ndani, akarudisha mlango. Régina akaendelea kufua. Nikangoja kidogo kwenye kigoda. Hakuna aliyetoka. Jina la mtoto sikuuliza. Nikanunua chumvi, nikarudi.

Sijui nimekosea wapi. Nyumba hii haina mtu anayeipenda Noeli isipokuwa mimi. Mvua imeanza tena. Nimekwenda kuangalia chumba cha Consolée: nyasi bado kavu, hata moja haikuoza. Nimekifunga kwa kufuli, zikae vizuri mpaka mwakani.