Video ya Kwaya ya Madale, Kubanwa Mara Mbili

Jumatatu, 2 Juni 2025
Kwaya ya Madale inatafuta mpiga video wa albamu. Tumebaki wawili: mie, Leodegar wa Mwananyamala, na Azzam wa Mikocheni. Tumewapiga video ya wimbo mmoja kwa HDR, ile picha inayobeba jua kali na kivuli kwa pamoja. Tamu! Ila faili ni zito, lazima libanwe lipungue ukubwa. Azzam anabana kwa njia iitwayo H.265. Mie kwa AV1, mpya zaidi. Nimemshauri mwenyekiti wao, Mama Margareta, alinganishe. Kakubali. Azzam naye kaniachia nibane zote mbili, eti ananiamini. Maskini!

Jumatano, 4 Juni
Laptop bado inabana AV1. Siku ya pili! Wimbo wenyewe dakika nne. Inachemka mpaka mke wangu Hope kaiwekea feni. H.265 ilimaliza kabla ya chai.

Mchana zikawa tayari zote. Nimekodoa macho. Zinafanana! Basi ya Azzam nikaibana tena, nikaikamua ikabaki kidogo sana. Nyuso zimefutika kama zimepakwa losheni. Hope kauliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema kazi.

Jumamosi, 7 Juni
Sebuleni kwa Mama Margareta, wanakwaya wote mbele ya TV yake mpya. Nikaanza na AV1. Kila kitu wazi! Jasho, chunusi, mikunjo ya shingo. Mama Margareta akasogea karibu.

"Leodegar mwanangu, huyu bibi kizee ni nani?"

Alikuwa yeye.

Nikaweka ya Azzam. Vigelegele! Mama akasema hiyo ndiyo teknolojia, imewarudisha enzi za kipaimara. Kazi kapewa Azzam.

Nje Azzam kanishika mkono, machozi yanamlenga. Kasema mtu mwingine angemchezea rafu. Kaniomba tuifanye albamu pamoja. Nimekubali. Nimejisikia mdogo kama sisimizi.

Jumapili, 8 Juni
Nimemweleza Hope yote. Kaniambia nimpigie Azzam nikiri. Nimempigia. Nimemuuliza kama amekula.

Kabla sijakata, kasema kuna kazi ya video ya harusi Tegeta, tunashindana kwa sampuli na kampuni nyingine. Nimemwambia aniachie mie kubana zote, yetu na yao. Sasa siri ninayo: yetu ndiyo nitaikamua, yao naiacha safi kabisa!

Bwana harusi anaitwa Nassibu. Ni fundi TV. Sijui kwa nini Azzam kaona hilo la kutaja.