Mboga Zisizotaka Udongo

Jumatatu, 6 Julai 1953. Temeke.
Nimeachana na jembe! Askari mmoja aliyerudi kutoka Burma kaniapia kwamba wazungu huotesha mboga majini, bila udongo hata chembe. Mauwa, mke wangu, hakuamini. Kasema tushindane, kila mtu na beseni lake. Nikishindwa, nakwenda Pugu kulima shamba la muhogo la mama yake mpaka mvua za vuli. Nimekubali bila kufikiri. Ana macho mazuri akikasirika.

Mbegu ya saladi ni ndogo kama kiroboto. Ukiitupa majini inazama na kuoza. Inataka kitu cha kuishikilia. Nimechagua sufi ya mto wetu wa kulalia. Laini mno!

Ijumaa, 10 Julai.
Sufi hainywi maji. Imeelea tu, kavu juu, mpaka upepo ukaipeperusha pamoja na mbegu. Mauwa analalia foronya tupu wala hanisemi. Uvumilivu ulioje!

Jumamosi, 11 Julai.
Dawa ni makumbi! Bi Chausiku, msuka kamba wa Mtoni, hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani yalainike, kisha huyaponda yawe nyuzi. Katugawia kila mmoja fungu lake. Nimepanda papo hapo. Mauwa anaziosha zake kwa maji ya kisima, anakamua, anaonja yale maji, anaosha tena. Kuonja makumbi! Nimecheka sana.

Alhamisi, 16 Julai.
Beseni lake limeota. Langu linanuka. Nimeonja maji ya beseni langu: chumvi tupu ya bahari, ile aliyokuwa akiiosha Mauwa. Mwanamke huyu ana akili! Nimejivunia kumwoa. Alipokwenda kisimani nikabadilisha mabeseni, nikamwita Bi Chausiku ashuhudie saladi yangu.

Kainama, kaangalia, kasema saladi yangu ni mchicha.

Mauwa alipanda mchicha! Hakuniaibisha mbele ya mgeni. Kanikabidhi jembe tu.

Jumapili, 26 Julai. Pugu.
Viganja vimechubuka. Mama mkwe hana huruma. Lakini udongo wa bonde hili! Mweusi, mnono. Nimepata wazo ambalo hata wazungu wa Burma hawakulifikiria: kujaza beseni udongo huu, kupanda mbegu, kisha kuongeza maji kidogo kidogo. Kilimo cha majini, ndani ya udongo! Mauwa kaja kunitazama, nimemweleza yote. Kacheka mpaka kakaa chini juu ya tuta. Nimemsihi asimwambie mtu, wasije wakaniibia.