Bomoa Sasa

Jumatatu, 4 Agosti 1952

Nimekwisha! Hoteli yangu imekwisha!

Saa tatu asubuhi Bwana Barabara, yule Mzungu mrefu wa kupima njia, kafika na chombo chake cha miguu mitatu. Kachungulia. Kapunga mkono. Vibarua wakapigilia vigingi kandokando ya barabara kuu yote ya Same, kuanzia njia ya stesheni hadi yanapokwisha maduka. Inasemekana itapanuliwa ili mabasi ya Moshi na ya Tanga yapishane bila kukwaruzana. Vizuri. Yapishane. Lakini kigingi kimoja wamekipigilia mlangoni pangu, hatua mbili kutoka kwenye jiko la chai, na kina maandishi ya rangi nyekundu: B.S.

Nimezitazama herufi hizo mpaka chai ikafurika ikazima moto. Sihitaji kuambiwa maana yake. Bomoa Sasa.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya hoteli ya Yahaya, kigingi kina herufi moja tu: D. Yaani Duka! Ya kwake imetambuliwa, iachwe. Yahaya, ambaye maandazi yake ni makubwa kwa sababu ndani mna hewa tupu! Nimeshindwa kula.

Mke wangu Eliwaza anasema niende boma nikamwulize Filipo karani, kijana wa kwetu Mamba anayejua Kiingereza. Nimemwambia haijui serikali. Nikiuliza watakuja kupima, na wakipima wataona baraza langu limetoka hatua tatu nje ya mpaka niliopewa. Siulizi kitu.

Nikibomolewa itabidi nirudi mlimani kwa kaka yangu Melkizedeki, nikapalilie migomba yake. Miaka kumi na miwili sasa kila tukionana ananiuliza narudi lini.

Jumanne, 5 Agosti

Sikulala. Kila gari likipita nilidhani wamekuja.

Asubuhi nimemwita Hamisi, mnyapara wa vibarua. Nikampa chai na maandazi matatu ya bure, nikamwuliza kwa kuzunguka, kama mtu asiye na shida, je, Bwana Barabara hukwepa vitu? Hamisi kasema hakwepi. Kichuguu anapita. Nyumba ya mjomba wa jumbe alipita, na mjomba mwenyewe akiwa ndani anapiga kelele. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kaburi. Alilikuta huko njia ya Kisiwani, akavua kofia, akauhamisha mstari wote.

Hamisi akaomba andazi la nne. Nimempa mawili! Kichwani nilikuwa nimeshaanza kuchimba.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa saba mchana. Yahaya kaenda msikitini. Upepo umechachamaa, vumbi tupu, mtu haoni hata pua yake. Nikashika jembe, nikachimba kando ya kigingi.

Eliwaza akauliza ninachimba nini. Nikasema shimo. Akasema analiona.

Sikutaka kuliacha tupu. Bibi yangu alikuwa akitutisha kwamba kaburi lisilo na mtu humtafuta aliyelichimba. Sisemi naamini. Nasema tu kwamba sikuona haja ya kujaribu. Basi nikatia ndani gunia la mifupa ya mbuzi iliyobaki kwenye supu: mbavu, miguu, vichwa viwili. Nikafukia, nikapanga mawe, nikasimika msalaba niliouunga kwa mbao za sanduku la majani ya chai. Ukitazama kwa upande bado unasomeka WEKA PAKAVU.

Kazi ikabaki kwenye jina. La ndugu yangu niliogopa kuliandika, nisije nikamwitia balaa. Hata la Melkizedeki niliogopa. Nikachagua Eliaichi. Hapa Same simjui Eliaichi hata mmoja.

Jumamosi, 9 Agosti

Basi la Moshi limekuja. Miaka yote dereva wake husimama mlangoni kwangu. Leo kapunguza mwendo, kaona msalaba, kaongeza mwendo, kaenda kusimama kwa Yahaya! Abiria wote wakanywa chai huko. Mmoja tu alivuka, akauliza kama marehemu alikula hapa.

Yahaya mwenyewe kaja na sukari kilo nzima. Kanishika mkono kwa mikono miwili. Kasema pole jirani, mbona hukutuambia, tungekuja kuchimba pamoja. Ana jambo huyu. Mtu hatoi sukari hivihivi.

Jumatatu, 11 Agosti

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Bwana Barabara kafika. Kaliona kaburi. Kavua kofia! Kainamisha kichwa, nami nikasimama kando na sura ya msiba. Kisha kaandika kwenye daftari, kang'oa kigingi changu cha B.S., kavuka nacho barabara. Kang'oa ile D ya Yahaya, na mahali pake kapigilia B.S.!

Bomoa Sasa imehamia kwa Yahaya. Nilikimbilia jikoni nikacheka huku nimeziba mdomo kwa kanga ya Eliwaza. Jioni nikampelekea Yahaya kikombe cha chai, maskini, hajui. Alinishukuru. Kwa muda mfupi nilijisikia vibaya, kisha nikakumbuka maandazi yake.

Jumatano, 13 Agosti

Mungu wangu.

Basi la kutoka Moshi limemshusha mwanamke wa makamo, kavaa kaniki, kabeba kikapu. Akavuka moja kwa moja mpaka kaburini. Akausoma msalaba kwa kidole, herufi moja moja. Akapiga magoti, akalia.

Anaitwa Hedwiga, wa Kifaru. Mumewe aliondoka miaka minane iliyopita kwenda kwenye mashamba ya mkonge Korogwe. Hakuna barua, hakuna salamu. Mume huyo anaitwa Eliaichi. Dereva ndiye aliyemwambia kwamba Same, mbele ya hoteli, kuna kaburi la Eliaichi asiye na ndugu.

Akaniita shemeji. Akauliza mumewe alikufa kwa nini. Nikasema homa. Akauliza kama aliteseka. Nikasema hapana, siku mbili tu. Akauliza alisema nini mwishoni. Nilitaka kumwambia kweli, naapa mdomo niliufungua. Lakini nikakiona kigingi kule ng'ambo, nikawaza neno moja tu na kitarudi kwangu. Nikasema, alisema wasalimie nyumbani.

Alinibusu mkono. Nimeona haya ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Yangeishia hapo ningepona. Lakini kasema Jumamosi atakuja na wazee wa ukoo kumfukua. Wanataka kichwa cha mtu wao kirudi nyumbani, kikae pamoja na vya baba zake kama ilivyokuwa kabla ya misheni. Mchungaji wao hapendi mambo hayo, ila wazee hawana mpango wa kumwuliza.

Kichwa! Wanataka kichwa!

Ijumaa, 15 Agosti

Siku mbili sijala. Eliwaza sasa anajua yote. Hakugomba. Akasema nikaseme kweli kwa Filipo boma. Nikasema boma ndiko kwenye jela. Akarudi kukanda unga.

Lakini leo nimepata njia. Nimemwambia dereva wa basi la kwenda Moshi apite Kifaru awaonye kwamba nilikosea, Eliaichi hakufa kwa homa, alikufa kwa ndui. Kaburi la ndui nani atalifungua? Hawaji! Nimekula ugali kidogo.

Saa kumi jioni. Dereva hakungoja Kifaru. Kamwambia kila aliyepanda, kila aliyeshuka, na tarishi wa boma. Bwana Afya kaleta habari kwamba kesho naye atakuwapo, na pampu ya dawa.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika shavu.

Walikuja wote. Hedwiga na wazee watano, mbele yao Mzee Gideoni, kaka mkubwa wa marehemu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, kwa upole. Bwana Afya na pampu mgongoni. Filipo na karatasi za boma. Mtaa mzima. Yahaya kaleta benchi zake waombolezaji wakae, na chai kawapa bure!

Nikasema labda tuahirishe, jua kali. Wakachimba. Nilisali kwamba mifupa iwe imeoza. Siku nane! Mifupa haiozi kwa siku nane.

Mzee Gideoni akashuka mwenyewe shimoni. Akainua kitu kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akakipangusa udongo. Watu wakainamisha vichwa. Vilipoinuka vikaona pembe.

Mzee akakitazama usoni.

"Huyu si Eliaichi," akasema Mzee Gideoni. "Eliaichi hakuwa na pembe."

Akainama, akainua cha pili, akakigeuza huku na huku. "Wala huyu."

Hedwiga alicheka na kulia kwa pamoja. Akasema kumbe basi hajafa, kumbe bado yuko mahali fulani. Akasema amerudishwa kwenye kungoja, na hajui anishukuru au anilaani. Kisha akaamua. Akanizaba kofi lenye miaka minane ndani yake. Sikumlaumu. Ningemwambia pole, lakini meno hayakuwa yamekaa vizuri.

Bwana Afya kaandika kurasa tatu. Mizoga imefukiwa mbele ya nyumba ya chakula. Uvumi wa ndui umetangazwa kwa uongo. Hoteli ifungwe miezi sita. Halafu katoa futi, kapima baraza langu. Hatua tatu nje ya mpaka, sawasawa! Nikauliza nilifanyeje.

"Bomoa," akasema. "Sasa."

Filipo ndiye aliyenisaidia kuzishusha nguzo. Katikati ya kazi akaniuliza, kaka Hezroni, hivi ulikuwa unaogopa nini? Nikamwambia habari ya Bomoa Sasa. Akaketi chini. Kumbe Bwana Barabara huandika kwa Kiingereza! B.S. ni basi stendi. Mabasi yote, ya Moshi na ya Tanga, asubuhi na jioni, yangesimama mlangoni kwangu. Na ile D ni neno lao la kubomoa. Aliyekuwa abomolewe ni Yahaya. Kaburi langu ndilo lililombadilisha Mzungu mawazo, na ramani imeshapigwa mhuri, hairudi nyuma.

Filipo akaendelea kunieleza herufi nyingine za vigingi, W ya nini, L ya nini. Sikusikia. Sikio la upande wa kofi lilikuwa bado linalia.

Jumatano, 20 Agosti

Stendi imefunguliwa mbele ya hoteli ya Yahaya. Leo mabasi manne. Kelele za raha tupu.

Yahaya kavuka, kamwambia Eliwaza akauzie maandazi barazani kwake mpaka miezi sita iishe. Hataki kitu. Kasema jirani ni jirani. Eliwaza kakubali hapohapo! Mimi naogopa. Huu ni mtego, ila sijaona kamba yake iko wapi.

Kaka Melkizedeki kaleta barua. Mstari mmoja. Jembe lako liko nyuma ya mlango.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeokoka! Na safari hii kwa akili, maana sasa nasoma vigingi kwa Kiingereza.

Nyuma ya stendi kuna kigingi cha L. Hakina mwenyewe. Nimezunguka nacho kichwani siku tatu. L! Jana usiku nimekipata: Lanchi! Chakula cha mchana cha Wazungu! Serikali inajenga hoteli yake kwa ajili ya abiria.

Na ni jengo la maana. Mafundi wamechimba chini futi kumi na mbili, bila shaka pa kuhifadhia vinywaji vya baridi. Juu wamefunika kwa mbao nene zenye matundu sita ya duara. Majiko sita! Wametenga vyumba vidogo vidogo mtu ale kwa faragha, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Huo ndio ustaarabu.

Nimeogopa kwamba Yahaya ataliona kabla yangu. Basi alfajiri nimeandika ombi kwa Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa boma, nipewe jengo la L niliendeshe maisha yangu yote. Mchana jibu limekuja. Limekubaliwa! Filipo kasema Bwana Shauri alilisoma mara mbili, hakuamini kwamba kuna mtu ameomba mwenyewe. Sina mshindani hata mmoja! Naanza kesho. Nitapewa ufagio, ndoo, na dumu la dawa kali ya kunyunyiza. Wanajali sana usafi wa jikoni.

Eliwaza anasema kabla sijatia sahihi niende kwanza nikamwulize Filipo L ni nini. Nimwulize nini? Nimeshatia sahihi. Na Melkizedeki nimeshamwandikia kwamba jembe alitumie mwenyewe.

Jioni nimepeleka sufuria zangu sita kujaribu. Tano zimekaa sawasawa juu ya matundu. Ya sita imetumbukia. Kesho nitatafuta kubwa zaidi.