Bi Pamba na Vita vya Mfereji wa Paa

Sogeeni, enyi wenye masikio, na aliyeshika kijiko akiweke chini, maana habari hii haisikilizwi kwa kutafuna. Mmesimuliwa wafalme waliobomoa ngome na majemadari waliovuka mito kwa vifua. Hayo yalikuwa mazoezi. Leo nawapa habari za mwanamke mmoja aliyetoa kitu kwenye mfereji wa paa, mchana kweupe, juu ya vichwa vya wataalamu themanini wa kuokoa vitu na maji, wala asionekane hata na mmoja wao.

Jina alilopewa na babaye halikutumika kazini. Kazini aliitwa Bi Pamba, kwa kuwa silaha yake ilikuwa kijiti chenye pamba nchani, alichokilowesha kwa mate yake mwenyewe, maana mate, wanasema wenye fani hiyo, huondoa uchafu wa picha kwa upole kuliko sabuni nyingi. Alikuwa mhifadhi wa picha za kale katika jumba la makumbusho, Bingwa wa Subira, Mshindi wa Ukungu, Mwenye Shingo Isiyonyooka kwa kuinama. Miaka miwili alikuwa akipigana na picha moja tu: wanawake wanane watokao kisimani, waliochorwa juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja, na mkono wa mama mmoja ambaye hakuacha jina wala kazi nyingine duniani. Picha hiyo iliponea chupuchupu katika nyumba iliyoungua, ikatoka nyeusi kama sufuria. Bi Pamba akawatoa wanawake wale masizini mmoja mmoja, uso kwa uso. Saba walikwisha kutoka. Wa nane alikuwa bado gizani.

Na rangi zenyewe, jueni, zilikorogwa kwa gundi ya kienyeji. Tone la maji likidumu juu yake kwa muda wa kupiga chafya mbili, rangi inageuka uji.

Basi ikawa siku ya pili ya mkutano mkuu wa mwaka wa Chama cha Wahifadhi, na mada ya mwaka ule ilikuwa kuokoa urithi wetu wakati wa maafa. Ukumbi wa chini wa jumba lile ulifurika mabingwa. Siku ya kwanza walikuwa wamekubaliana, baada ya mjadala mzito na chai mara mbili, kwamba maji ni mabaya. Siku ya pili mvua ikaja yenyewe kusikiliza.

Saa tano kasoro, huko juu kwenye karakana iliyo chini kabisa ya paa, Bi Pamba alisikia sauti ambayo wahifadhi huisikia hata ndotoni: to. Kijiti kikasimama hewani. To. Akainua macho, akaona dari limetoa tumbo kama mja mzito wa miezi tisa, na kitovuni mwake maji yanajikusanya, yanatazama chini, yanachagua pa kuangukia. Chini palikuwa na meza. Mezani palikuwa na wale wanane, wamelala chali, hawana hili wala lile.

Alivuta nailoni, akaifunika picha pembe kwa pembe. Lakini nailoni huzuia tone, haizuii dari. Kuisogeza meza ile kulihitaji watu sita wenye mikono tulivu. Akakumbuka kwamba chini yake, ngazi moja tu ya kushuka, walikuwapo themanini wenye mikono tulivu kuliko wote nchini. Moyo ukamtulia. Akashuka mbio.

Aliingia ukumbini katikati ya vita vingine. Maazimio yalikuwa yamekwama kwenye mstari wa kwanza: je, chama kiandike “maafa” au “majanga”? Kambi ya Maafa ilikalia upande wa madirisha; kambi ya Majanga, upande wa birika la chai. Mwenyekiti, miwani ikiwa juu ya kipaji cha uso, alikuwa akiwapatanisha tangu saa tatu.

“Samahani, mwenyekiti,” akasema Bi Pamba akihema. “Naomba watu sita. Dari la karakana linavuja na picha iko mezani.”

Mwenyekiti akasimama, akafunga kifungo cha koti, akanena: “Ndugu mjumbe! Chama hiki kimeyapokea maneno yako kwa uzito unaoyastahili. Hakuna aliye ndani ya ukumbi huu asiyeumia moyo dari linapovuja. Lakini kikao bila utaratibu ni soko, na hoja yako haimo katika ajenda. Tutaiweka kwenye mengineyo.”

“Mengineyo ni saa ngapi?”

“Saa tisa na nusu, Mungu akipenda.”

“Saa hizi ni saa tano.”

“Ndiyo maana, ndugu yangu, tunakusihi uvute subira.”

“Taarifa, mwenyekiti!” mtu akadakia kutoka upande wa birika. “Mjumbe amesema dari linavuja. Tujiulize: kuvuja huko ni maafa, au ni majanga?”

Ukumbi ulilipuka. Mikono ishirini ikapaa hewani, na hakuna hata mmoja ulioelekea mlangoni. Bi Pamba aliwatazama watu wa fani yake, waliomfundisha kushika kijiti, aliowaheshimu kama wazazi. Halafu akageuka akaondoka, kwa kuwa tone halina mwenyekiti.

Akapiga hesabu haraka. Kama meza haisogei, maji ndiyo yahame. Maji hayapiti darini ila mfereji wa paa umeziba. Mfereji hauzibuki ila kwa mkono. Mkono haufiki ila kwa ngazi. Na ngazi ya jumba zima ilikuwa imefungwa mnyororo katika stoo, na mbele ya mnyororo huo aliketi mwanamume mnene mpole, mtunza stoo, mume wa mdogo wake Bi Pamba.

“Shemeji, nipe ngazi.”

Shemeji aliweka kikombe chini kwa taadhima. “Shemeji yangu wa pekee,” akasema, “niombe damu, nitakukingia mkono hapa hapa. Niombe figo, tutazungumza. Lakini ngazi! Ngazi ina fomu, fomu ina sahihi tatu, na mimi ni nani hata niikanyage fomu?”

“Hao wa kusaini wote wako ukumbini wanabishana.”

“Basi mimi nisubiri, na wewe usubiri, na dari nalo lisubiri.”

Bi Pamba akasogea karibu, akashusha sauti. “Siku ile ulipokuja kwetu kujitambulisha, ukamwita mdogo wangu kwa jina la mwanamke mwingine mbele ya baba, nani alikohoa baba asisikie?”

Shemeji akainua kikombe, akakirudisha chini bila kunywa.

“Ulikohoa wewe,” akakiri shemeji.

“Nilikohoa mpaka nikaletewa dawa. Nikainywa.”

Mnyororo ukaanguka sakafuni kwa kishindo cha malango ya mji yanayosalimu amri.

Wakaisimamisha ngazi nje, ubavuni mwa jengo, mvua ikiwachapa kama inawadai. Shemeji akaikumbatia kwa mikono yote miwili, akafumba macho. “Shemeji, ukianguka nitamwambia nini mdogo wako?”

“Mwambie nimeanguka mimi. Na safari hii usikosee jina.”

Akapanda. Enyi mlioimba waliopanda milima, mliwahi kupanda kwa kandambili? Kila kipago kiliteleza kama samaki. Kunguru mmoja, askari wa zamu wa paa lile, alimpigia kelele za kumwita mvamizi. Kwenye kipago cha tisa akatamani ashuke, aende zake nyumbani, aseme alijitahidi. Akaona kwa mawazo uso ule wa nane ambao hajauona bado. Akapanda cha kumi.

Mfereji ulikuwa ziwa. Akatumbukiza mkono hadi kiwiko, akazoa majani yaliyooza, akazoa matope, kisha vidole vikagusa adui mwenyewe: kitu kipana, kizito, kimejibana kwenye mdomo wa bomba. Akavuta. Kikakataa. Akavuta tena kwa kilio ambacho shemeji, huko chini, alikijibu kwa dua. Kikang’oka.

Ulikuwa mkoba wa nailoni ngumu, wa mkutano wa mwaka uliopita. Ubavuni uliandikwa kwa herufi nene zisizochujuka: MAFURIKO: TUKO TAYARI. Ndani mlikuwa na maazimio kumi na manne, bado yamebanwa kwa pini yake, hayajawahi kufunguliwa. Kama ulipandishwa paani na upepo au na mjumbe aliyechoka, msimulizi wa kisa hiki hana ushahidi, na wenye ushahidi wako kimya.

Maji yalinguruma yakaingia bombani, yakateremka, yakapita mbele ya madirisha ya ukumbi kwa ghadhabu, na mle ndani, nimeambiwa, mtu aliomba dirisha lifungwe kwa sababu kelele zilimsumbua msemaji.

Bi Pamba alirudi karakanani akiwa chapachapa. To. Akangoja. To. Akangoja tena, akasikia pumzi zake tu. Akafunua nailoni, na hapo roho ikamruka: tone moja, la kwanza kabisa, lilikuwa limewahi kabla yake, limekaa kwenye pindo la nguo ya mwanamke wa nane. Akakausha mkono, akachukua kijiti, akagusisha pamba bila kufuta, akahesabu. Akainua. Pamba ilikuwa nyeusi, rangi haikutoka, maana masizi yalilinywa tone kabla halijaifikia, na pale palipotoka masizi kilichungulia kidole gumba cha mguu, kinene, chenye vumbi la njiani, kimechorwa na mtu aliyekipenda. Bi Pamba akaketi sakafuni akacheka peke yake, huku meno yakigongana kwa baridi.

Saa tisa na nusu muda uliisha kabla ya mengineyo. Azimio lilipita kwa kauli moja: “maafa na/au majanga.” Jioni ile ile shemeji alimsimulia mkewe jinsi “tulivyopanda.”

Jumatatu, Bi Pamba alipokea barua yenye muhuri, ikimtaka ajieleze kwa maandishi, katika siku saba, ni kwa nini alipanda paani bila kibali. Alijibu siku hiyo hiyo, kwa sentensi moja:

“Nilipanda kwa sababu maji yalikuwa yanashuka.”

Jibu hilo lilipigwa muhuri, likapewa namba, likatiwa katika faili, na faili likapandishwa kwenye rafu ya juu kabisa ya masjala, zinapokaa kumbukumbu za mataifa. Liko huko hata leo. Nimelishika kwa mkono wangu mwenyewe, nami nashuhudia mbele yenu nyote: ni kavu.